Soko la watu milioni 300, na sisi bado chini ya parasoli

Makamarade wa Uvira, na nyinyi wa Kiliba, Sange, Kamanyola, Baraka na Bukavu mnaotusoma,

Tarehe 11 mwezi wa 7, 2024, ilitimia miaka 2 tangu Kongo ipeleke Arusha karatasi yake ya mwisho na kuwa memba kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, memba wa 7. Marais walikuwa wametukubali tarehe 29 mwezi wa 3, 2022, na sahihi ikawekwa Nairobi tarehe 8 ya mwezi uliofuata. Mnakumbuka maneno ya siku zile: soko la watu milioni 300, toka Bahari ya Hindi paka Atlantika, wawekezaji watakuja mbio, vijana watapata kazi. Sisi tuliomaliza chuo, wa uchumi, wa agronomia, wa sheria, tuliyarudia maneno yale kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp kama watu waliosikia majina yao yanasomwa kwenye matokeo. Leo wengi wetu tungali kwenye shomaje. Diplome iko ndani ya sanduku, imefungwa na plastiki ju maji isiiharibu.

Hatuandiki ili kulia. Tunaandika ju Uvira iko mlangoni. Toka hapa paka Bujumbura hata kilomita 30 hazifiki. Boti za Kigoma na za Mpulungu tunaziona kwa macho. Kama Jumuiya haionekani Kavimvira na Kalundu, itaonekana wapi? Kinshasa?

Toa simu mfukoni kwanza. Kama kadi yako ni Airtel, ujue Wahindi wa Bharti waliununua mtandao ule kwa Zain mwaka 2010. Kama ni Vodacom, ilitoka Afrika Kusini. Na wengi wa hapa tuna kadi ya pili ya Lumitel, ya Burundi, ju ng'ambo ni karibu: ile ni ya Viettel, kampuni ya wizara ya ulinzi ya Vietnam, iliyoingia Burundi mwaka 2015. Basi mutu asituambie kwamba uwekezaji wa inchi maskini ndani ya inchi maskini ni jambo linalokuja. Liko hapa miaka mingi, tunalala nalo chini ya mto. Limetuletea mtandao, hilo hatulikatai. Lakini mishahara ya kweli iko makao makuu, na kazi iliyobaki kwa kijana wa Uvira ni kuuza yunite na kutuma makuta ya watu chini ya parasoli, kwa kamisyo, bila mkataba. Hatuidharau kazi ile, imelipa minerval ya wengi wetu. Tunasema tu kwamba wakubwa wakituambia "uwekezaji unaleta kazi", tuwaulize ni kazi gani, ya nani, na inaanzia saa ngapi kuwa na mkataba.

Sasa tuje mpakani. Kile ambacho Arusha wanakiita mtangamano wa uchumi, sisi hatukukingojea. Kila asubuhi mama zetu wanavuka Ruzizi na mabeseni, wavulana wanasukuma toroli, motari anapita na kreti zimefungwa nyuma kwa mipira. Bia na sukari zinakuja, esanse na vitenge vinaenda. Na kinachopanga safari ile si mkataba wa marais. Ni franga.

Tueleze kidogo, ju watu wengi wanadhani ni uchoyo wa wafanyabiashara tu. Burundi, bei ya bia ya Brarudi inajulikana, iko kwa franga ya Burundi. Franga ile imeanguka: mwezi wa 5, 2023, Benki Kuu yao ilishusha thamani yake rasmi, toka karibu 2,070 paka zaidi ya 2,800 kwa dola 1, na bei ya barabarani bado imepanda mbali juu ya hapo. Kwa mwenye dola mkononi Uvira, kreti ya Bujumbura imekuwa karibu bure. Basi kreti zinavuka usiku, Bujumbura inalia kwamba Amstel imepotea, Uvira inakunywa. Esanse ni kinyume. Burundi imekosa dola za kuagiza mafuta nje, vituo vyao vinakauka, na wenye gari wanakuja kutafuta bido kwetu. Leta zote mbili zinaita hiyo froodi. Sisi tuliosoma uchumi tunaona ni maji yanayoteremka mulima: bei zikiwa mbili na mto ukiwa mmoja, vitu vitavuka tu.

Na tucheke kidogo. Paka mwaka 2024 Brarudi ya Bujumbura na Bralima ya Bukavu zote zilikuwa mikononi mwa Heineken ya Uholanzi. Mwenye kiwanda alikuwa mmoja pande zote mbili, Primus ni jina moja, chupa ni ndugu. Yeye alishatangamana zamani. Anayekimbizwa usiku kando ya Ruzizi ni mama mwenye kreti 2.

Mama yule ana haki ambazo hakuna mutu aliyemsomea. Kongo iko ndani ya COMESA tangu ilipozaliwa mwaka 1994. COMESA ina utaratibu mrahisi kwa wafanyabiashara wadogo: kuna orodha ya bidhaa, kuna karatasi moja fupi ya kuonyesha bidhaa imetoka inchi memba, na ukiwa nayo hulipi ushuru wa kuingiza bidhaa. Zaidi ya hapo, dekreti nambari 036/2002 ya tarehe 28/3/2002 imetaja huduma 4 tu zenye ruhusa ya kufanya kazi mpakani: duane, OCC, uhamiaji na usafi wa afya. Nne. Siku utakapovuka tena, hesabu meza, viti na kamba unazokuta njiani, halafu ulinganishe mwenyewe. Mwenye kontena anajua sheria zile, ju ana dekleranti wa kumsomea. Mwenye beseni anajua tu uso wa mutu anayemnyooshea mkono. Njo maana tunasema kwamba soko la milioni 300 limefunguliwa kwa waliokuwa tayari ndani yake.

Kuna kitu kingine tunataka makamarade wakielewe vizuri, ju njo kinagusa kazi zetu. Ndani ya Jumuiya kuna ushuru wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya inchi memba. Ngazi zake ni asilimia 0, 10, 25, na tangu mwezi wa 7, 2022, ngazi ya 35. Lakini bidhaa chache zinalindwa zaidi: mchele asilimia 75, sukari asilimia 100. Kati ya inchi memba hakuna ushuru. Kongo haijaingia bado kwa vitendo kwenye umoja huo wa forodha, tungali na tarifa yetu. Siku tutakapoingia, mambo mawili yatatokea kwa wakati mmoja. Mchele wa Pakistan tunaoukuta kwenye depo utapanda bei, na hiyo ni nafasi kwa mkulima wa mchele wa Sange na Luvungi. Na sukari ya Tanzania, ya Uganda na ya Burundi itaingia Uvira bila kulipa kitu.

Hapo njo tunakutana na Kiliba.

Wote mnaijua Kiliba. Kiwanda cha sukari cha wakati wa Wabelgiji, hapa karibu tu kwenye njia ya Bukavu, na mashamba ya miwa yaliyonywa maji ya uwanda wa Ruzizi. Kilikuwa kiwanda kilichozaa mji, na nyumba za wafanyakazi na shule zake. Vita vya 1996 vilianzia kwetu. Uvira ilianguka mwezi wa 10 mwaka ule, na kiwanda kikasimama. Sisi tuliozaliwa baadaye tulikua tukionyeshwa majengo na kuambiwa "hapa baba yako alikuwa anapata mshahara". Miaka mingi baadaye mwekezaji akaja, na hakutoka Brussels. Alitoka Tanzania, kundi lenye viwanda vyake vya sukari kwao. Kwa wale wanaoandika vitabu juu ya ushirikiano wa inchi za Kusini, huu ndio mfano wenyewe: makuta ya Mwafrika, ujuzi wa Mwafrika, lugha yetu moja, ziwa letu moja.

Sasa tujiulize kama watu waliosoma, bila kumtukana mutu. Mwekezaji anajenga kiwanda ndani ya inchi ya jirani kwa sababu gani? Mara nyingi ni ju mpaka una ushuru: kuliko kulipa kila siku kwenye duane, bora utengenezee kulekule. Ukuta wa ushuru njo unamlazimisha aje. Ukiuondoa ukuta, mwenye kiwanda Kagera anaweza kupakia sukari yake kwenye kamyo ama kwenye boti ya Kigoma, akaiuza Uvira, na Kiliba ikabaki ghala. Hatusemi kwamba njo hivyo mutu yeyote amepanga. Tunasema kwamba hesabu iko hivyo, na leta inayosaini mikataba ya biashara huru ilipaswa kuifanya hesabu hii kabla ya kushika kalamu.

Tusikie pia upande mwingine, ju upo. Mwezi wa 1 na wa 2 mwaka 2024 Tanzania yenyewe ilikosa sukari, mvua za El Nino zilizuia viwanda vyao kuvuna miwa, bei ikaruka. Soko liko na njaa. Uwanda wa Ruzizi una joto, una udongo, una maji ya mto, uko karibu na Bujumbura, na Kigali si mbali. Kwa mwenye kutazama ramani bila kutazama gazeti, Kiliba ilipaswa kuuza sukari inchi tatu. Kinachoizuia si ushuru. Ni njia, umeme, usalama wa shamba, na taksi zinazozaana. Kamyo ya mchele ikitoka Luvungi kuja Uvira inasimamishwa mara ngapi? Kila kizuizi kina bei. Tunaweza kufuta ushuru wote wa Mombasa paka Kinshasa, kama vizuizi vya Luvungi–Uvira vinabaki, mchele wa Pakistan uliozunguka nusu ya dunia utaendelea kuushinda wa Sange.

Na kwenda Bukavu? Mutu wa Uvira anayetaka kufika mji mkuu wa jimbo lake bila kuvunjika mgongo kwenye mulima wa Ngomo anavuka Kamanyola, anaingia Rwanda kwa Bugarama, anatokea Rusizi, anavuka tena. Mipaka miwili kwa kutoka Kongo kwenda Kongo. Labda njo mtangamano wa kweli walioutaka, sijui kama walicheka walipoupanga.

Wazee watatuambia: hii si mara ya kwanza. Ni kweli. Mwaka 1914 reli ya Wajerumani toka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na mwaka 1921 Wabelgiji walipewa na Waingereza viwanja vyao vya bandari Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya franga 1 kwa mwaka. Franga 1! Mali ya Kongo ilipita pale kwenda ng'ambo, na hakuna babu yetu aliyeulizwa. Halafu tarehe 20/9/1976, Mobutu, Habyarimana na Micombero walisaini CEPGL kule Gisenyi. Ilikuwa nzuri kwenye karatasi: makao Gisenyi, benki ya maendeleo Goma, taasisi ya utafiti wa kilimo Gitega, kampuni ya umeme SINELAC Bukavu. Vita vya miaka ya 90 viliilaza. Walijaribu kuiamsha mwaka 2007, ikafungua macho, ikalala tena.

Lakini tazameni nini kilibaki. Ilibaki Ruzizi II, mtambo wa karibu megawati 44 ulioanza mwaka 1989, ambao umeme wake unagawanywa na Kongo, Rwanda na Burundi paka leo, hata wakati majeshi yanapigana. Na ilibaki karatasi ya CEPGL: wengi wetu tukivuka Gatumba tunavuka nayo, si na pasipoti ya Jumuiya. Jumuiya mpya bado haijatupatia hata kile ambacho ile iliyolala ilitupatia. Hotuba hazikubaki, mashine ilibaki, pamoja na bili ambayo inchi tatu zinapaswa kulipa pamoja, na mara nyingi zinachelewa. Sasa wanatuahidi Ruzizi III, megawati 206, na IPS ya kundi la Aga Khan kati ya wawekezaji. Mazungumzo yake yana umri wa mtoto anayemaliza shule ya msingi, na zaidi. Tunaungojea kwa moyo mmoja, ju bila umeme hakuna kiwanda cha unga, cha barafu wala cha sabuni. Swali letu ni dogo: ule umeme ukitoka pale karibu na Kamanyola, waya wa kuja Sange, Kiliba na Uvira umo kwenye hesabu, ama utapita juu ya vichwa vyetu?

Benki nazo. Equity ya Kenya ilinunua ProCredit mwaka 2015, halafu mwaka 2020 ikalipa dola milioni 95 kwa sehemu kubwa ya BCDC, moja ya benki za zamani kuliko zote inchini. KCB, Wakenya pia, walichukua asilimia 85 ya TMB mwezi wa 12, 2022. CRDB ya Tanzania ilifungua Lubumbashi mwaka 2023. Kwa hiyo wale wanaosema hakuna mwekezaji aliyekuja hawasemi kweli. Walikuja, na walijua wanachokuja kukitafuta: watu milioni 100 ambao wengi hawana akaunti. Ni kazi ya benki, si dhambi. Ila benki inapenda mkopo wa miezi 3 kwa mwagizaji wa sima, na inaogopa mkopo wa miaka 5 kwa mwenye shamba Luberizi. Dhamana inayotakiwa ni nyumba yenye karatasi za kumiliki. Kijana gani wa Mulongwe ana karatasi hizo, hasa baada ya mafuriko ya mwezi wa 4, 2020 kubeba nyumba na sanduku zake? Makuta ya Uvira yanaingia kwenye kaunta ya Uvira, yanatoka kama mkopo kwenye mji mwingine. Tungependa kuona tarakimu hizo kwa kila jimbo: kiasi gani kimewekwa, kiasi gani kimekopeshwa palepale. Benki Kuu ya Kongo ina uwezo wa kuziomba.

Na sheria zetu wenyewe zinampenda nani? Kodi ya uwekezaji, sheria nambari 004/2002 ya tarehe 21/2/2002, inamsamehe mwekezaji ushuru wa mashine na kodi ya faida, kwa miaka 3 akiwa Kinshasa, na kwa miaka 5 akiwa huku kwetu. Sharti: alete angalau dola 200,000. Kampuni ndogo na za kati, kuanzia dola 10,000. Sasa mchukue kijana mwenye mashine moja ya kukoboa mchele pale Sange, aliyeinunua kwa likelemba na wenzake. Hafikii 10,000. Yeye analipa toka siku ya kwanza, kwa kila mwenye kofia anayepita. Mgeni mwenye mashine 20 mlango wa pili amesamehewa miaka 5. Halafu wanatushangaa ju hatuanzishi biashara! Hatukatai mgeni asamehewe. Tunakataa mutoto wa inchi aadhibiwe kwa kuwa mdogo.

Wapo makamarade wanaokasirika zaidi yetu. Wanatuambia: mnazungumzia soko gani na watu wanaotuua? Tunawaelewa, wengine wetu tumezika. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeandika, si mara moja, kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23. Jeshi la Jumuiya lililoletwa Kivu ya Kaskazini mwisho wa 2022 liliondoka mwezi wa 12, 2023, Kinshasa ikikataa kuliongezea muda, na watu hawakulilia. Mkataba wa Jumuiya wenyewe, ibara ya 6, unataja ujirani mwema na kumaliza ugomvi kwa amani kama misingi. Inchi memba inayovunja misingi hiyo na bado inakaa mezani kuzungumza bei ya nyanya, hilo ni jambo ambalo Arusha lazima iulizwe kila siku. Kongo imeshaipeleka Rwanda mbele ya Korti ya Jumuiya. Vizuri, na tufuatilie faili ile kama tunavyofuatilia mechi.

Lakini kutoka? Atakayetaka tutoke atuambie kwanza mama wa Kavimvira atauza ndakala zake wapi, na sima ya Zambia itapita wapi. Biashara yetu na Burundi haikuanzishwa na Jumuiya na haitaisha nayo. Ukitoka kwenye mkataba, mto haupanuki. Unabaki kuvuka bila haki tu.

Kitu ambacho tunakiona kinawezekana, na si ndoto, ni hiki. Mwaka 2011, tarehe 20 mwezi wa 5, serikali ilitoa dekreti nambari 011/26 inayolazimisha mikataba ya madini, mafuta na misitu itangazwe ndani ya siku 60. Haikuheshimiwa vizuri, lakini ipo, na imetumika kama silaha ya raia. Mkataba wa Wachina wa Sicomines wa 2008 ulikaa miaka mingi kama siri ya nyumba. Ilipofika mwezi wa 2, 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha ukatoa ripoti mbele ya wote, na mwezi wa 3, 2024 makuta ya barabara na majengo yakapandishwa toka dola bilioni 3 paka bilioni 7. Sisi hatujaiona bilioni hata moja huku kwetu, hilo ni faili lingine. Ila bei ilipanda baada ya karatasi kusomwa. Basi kwa nini dekreti ile inaishia kwenye madini? Kiliba si mgodi, Ruzizi III si mgodi, bandari ya Kalundu si mgodi, na njo mikataba inayotugusa sisi wa pwani ya Tanganyika. Tunawaomba wabunge waliochaguliwa Uvira wapeleke marekebisho: mkataba wowote ambao ndani yake leta inasamehe kodi ama inatoa ardhi utangazwe, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na nakala ibandikwe kwenye ofisi ya meya na ya teritware.

Sheria ya tarehe 8/2/2017 juu ya kazi za kukodishwa inasema kazi ndogondogo ambazo kampuni kubwa inawapa wengine zipewe kampuni zenye mitaji ya Wakongomani. Watu wa Kolwezi wameijua na wanaipigania. Uvira nani ameisoma? Usafiri wa miwa, chakula cha wafanyakazi, ulinzi, uwekaji wa hesabu, matengenezo ya mashine: kwa kila mwekezaji atakayekuja uwandani hizo ni kazi zetu kwa sheria. Ju hiyo wiki hii tunaanza kuitafsiri kwa Kiswahili, kurasa kwa kurasa, na wenzetu wa sheria. Tutaiweka hapa hapa ikiisha.

Kuhusu Kavimvira, tunataka ubao mmoja mkubwa, kwa Kiswahili, unaosomeka toka mbali: orodha ya bidhaa zisizolipa, bei ya zile zinazolipa, na majina ya huduma 4 zenye ruhusa. Ubao na rangi ni bei ya kreti chache za bia. Barua iko tayari. Tutaipeleka kwa meya, na nakala kwa duane, na picha ya muhuri wa kupokelewa tutaitundika kwenye ukurasa huu.

Kabla ya hapo tunahitaji nguvu yenu. Toka leo paka mwisho wa mwezi wa 8, kila unapovuka, wewe ama mama yako ama dada yako, andika vitu vitatu: ulibeba nini, ulilipa ngapi, na ulipewa karatasi ama hukupewa. Usiandike jina la mutu, wala lako wala la aliyekupokea makuta, ju hatutaki mutu apate shida. Wenye karatasi wapige picha pande zote mbili. Wanaouza yunite Kavimvira, Kasenga na Kalundu wamekubali parasoli zao ziwe mahali pa kuleta daftari.